Kofi Lililochelewa

Kila juma mmoja wenu hunibishia hodi akiwa amekumbatia mashine yake kama mtoto mwenye homa. Kwenye video kinywa kimefunguka, sauti haijafika. Au sauti imefika, kinywa bado kimefungwa. Mnaiweka mezani, kati ya sukari na chumvi, mnasema, "Mama Béa, utusogezee kidogo tu." Mimi nimestaafu. Siku hizi nikitazama ile mistari ya sauti kwenye skrini naona majani ya mihogo yaliyotwangwa vibaya. Lakini mmekuja, na safari hii mmekuja na karanga, kwa hiyo kaeni. Nitawaambia mara moja ili msirudi na swali lilelile. Mkirudi nalo, mrudi na karanga nyingine.

Tuanze na samaki.

Kabla ya kujua montaji, kazi hii ya kuunganisha picha na sauti, nilikuwa nafanya biashara ya samaki wakavu. Nilipanda lori Kasenga, tukapumzika Kasomeno, tukaingia Lubumbashi tumejaa vumbi kuanzia nyusi hadi visigino. Safari ya kwanza nilihesabu magunia yangu wakati wa kupakia, nikayahesabu tena, maana mama yangu alinilea hivyo: kitu ambacho hujakihesabu mara mbili hujakipata. Tulipofika, gunia moja halikuwepo. Nikamkamata dereva shati. Dereva, mtu mpole aliyezoea kukamatwa, akaniuliza kama nilihesabu vizuri. Nikamwambia mara mbili. Mama mmoja mkongwe wa biashara ile, aliyekuwa anashusha mizigo yake bila haraka, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia.

"Mutoto, ulihesabu mara mbili pahali pamoja," akasema. "Ile ni mara moja."

Yeye alihesabu Kasenga, akahesabu Kasomeno wakati lori linapoa, akahesabu Lubumbashi. Hesabu ya mwanzo na ya mwisho zinakuambia kama umeibiwa. Ya katikati inakuambia umeibiwa wapi. Liwekeni hilo mfukoni, tutalihitaji.

Aliyenitoa kwenye samaki ni Ya Donat, yaani kaka Donat, mpiga video wa harusi, mtu mnene mwenye pumzi fupi, aliyekuwa na chumba cha kazi Kamalondo nyuma ya saluni ya kusuka nywele. Siku moja nilimpelekea samaki. Kwenye skrini yake bwana harusi alikuwa anaapa, nami nikasema bila kuulizwa kwamba kijana yule ameapa baada ya kufunga mdomo. Ya Donat alikuwa ameitazama kanda ile tangu asubuhi bila kujua inamkera nini. Akaniangalia mimi, akaangalia samaki, akasema mtu anayeona kasoro bure, ukimlipa ataona nyingi zaidi. Tukabishana bei ya samaki, halafu tukabishana bei yangu. Samaki ndio niliowauza vizuri.

Ya Donat hakuwa mwalimu wa maneno mengi, pumzi hazikumruhusu. Nilipotaka kugusa kitu kwenye mashine alinipiga mkono na kuuliza swali lilelile: "Inachelewa, ao inatembea?"

Na mimi nawauliza ninyi hivyohivyo, kabla hamjagusa kitu. Sauti inayochelewa huchelewa kwa kipimo kimoja mwanzo, katikati na mwisho. Ni kama mfanyakazi anayefika kila siku wakati chai imekwisha: ukishamjua, unampangia kazi yake mbele kidogo, maisha yanaendelea. Unaisogeza mara moja, umemaliza. Sauti inayotembea ni mtu mwingine. Mwanzo iko sawa na kinywa, katikati wameachana hatua, mwisho hata hawasalimiani. Hiyo ukiisogeza utauponya mwisho na kuuua mwanzo. Nimewaona wengi wenu mkisogeza, mkirudi, mkisogeza, kama mtu mwenye kitambaa kifupi anayetaka kufunika miguu na kichwa.

Kuchelewa nilikujua kanisani. Kanisa kubwa, kamera kule nyuma kabisa, spika mbele karibu na altare. Nilikuwa na sauti nzuri ya kinasa sauti kilichowekwa karibu na padri, na sauti mbaya ya kamera. Nikachukua nzuri nikailinganisha na mbaya, alama juu ya alama, mistari ikalaliana kama mikeka. Nikajisifu. Ya Donat akaja, akatazama, akaniambia padri wangu anafunga mdomo kwanza, ndipo anasema kwa kumbukumbu. Sauti hutembea kwa miguu, wanangu, na picha haitembei, inafika papo hapo. Sauti ya kamera ilikuwa imevuka kanisa zima ndipo ikaingia, imekwisha kuchelewa, na mimi nimeifanya sauti nzuri imfuate mchelewaji. Tangu siku hiyo nalinganisha na midomo. Mistari inasaidia kukaribia, lakini wa mwisho kuulizwa ni mdomo.

Kutembea nilikujua kweli kwa Papa Ngoie, na hapo ndipo nilipokaribia kuvunja ndoa ya watu.

Papa Ngoie alikuwa mchimbaji wa zamani wa migodi ya Kambove, anaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Mashine ya kutoboa mwamba ilikuwa imekula masikio yake kidogokidogo mpaka ikabakiza makombo. Alisikia nusu kwa sikio na nusu kwa macho: alisoma midomo, kama walivyozoea kule chini ambako makelele hayaruhusu mtu kusikia jina lake. Ukisimama nyuma yake huna sauti. Ukisimama mbele yake kwenye mwanga, mnazungumza vizuri kabisa, na anakujibu vikali. Watoto wake wengine walipiga kelele. Binti yake wa mwisho, Clarisse, ndiye aliyejua kumgeukia, kusema taratibu, na kumrudishia maneno ya wengine. Sokoni, kanisani, kwa daktari, Clarisse alikuwa masikio ya baba yake. Na sasa masikio hayo yanaolewa.

Kijana alikuwa Kasereka, wa familia ya wafanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, Wakristo, watu wa malori na bidhaa. Papa Ngoie hakuwa na neno juu ya kijana. Hofu yake ilikuwa moja: watu wa biashara huhama na biashara. Siku moja familia itamwita Kasereka arudi kwao mashariki, ataondoka na mke wake, na mzee atabaki Katuba anatazama vinywa vya watu wenye haraka. Kwa hiyo aliweka sharti. Msemaji wa familia ya kijana aseme wazi mbele ya ukoo kwamba Clarisse hatatolewa Lubumbashi bila baba yake kuulizwa kwanza.

Siku ya mahari ikafika, na mapafu ya mzee yakachagua siku hiyohiyo. Akalazwa. Wageni walikuwa wamekwisha kusafiri, siku haikuweza kusogezwa, hivyo mdogo wake akapokea maneno kwa niaba yake. Mzee akatuma amri kutoka kitandani: yote yarekodiwe, atatazama mwenyewe, na mpaka atakapotazama hakuna ndoa. Hata mbuzi wa mahari afungwe uani, asiguswe. Mzee akikataa, mbuzi arudishwe na kamba yake.

Kamera yangu ilikuwa kwenye harusi nyingine na mpiga picha wangu. Mimi nilikwenda na kinasa sauti, nikakilaza mezani mbele ya msemaji, nyuma ya kreti ya bia, nikakiwasha. Picha ilichukuliwa na telefone ya ndugu mmoja, ikasimamishwa juu ya mguu wake wa vyuma, ikimtazama msemaji usoni, nayo haikuzimwa mpaka mwisho. Mpango mzuri.

Msemaji alikuwa Papa Paluku, baba mkubwa wa kijana, mwenye masharubu mazito na suti iliyonunuliwa enzi alipokuwa mwembamba. Sasa mnajua desturi yetu: kabla ya kutoa neno mbele ya wakubwa wa ukoo, wageni huchutama na kupiga makofi ya heshima, viganja vimekunjwa kama bakuli, taratibu, wote pamoja. Wakimaliza neno, wanapiga tena. Watu wa Kivu hawakuwa na desturi hiyo. Waliambiwa mlangoni, kwa kunong'onezwa, wakati wanajipangusa vumbi. Walifanya kwa moyo wote, na walifanya kama mvua inayoanza kwenye mabati: huyu sasa, yule baadaye. Papa Paluku, aliyeogopa kukosea kuliko wote, akatazama kwanza wenzake wamalize, ndipo akapiga lake. Kofi moja, zito, peke yake, katikati ya kimya. Upande wetu wakaangalia chini wasicheke.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Katikati umeme ukakatika, kama kawaida yake, na sebule ikawa na giza la mapazia. Hakuna aliyesimama, waliendelea kwa mwanga wa dirisha. Kuelekea mwisho Papa Paluku akaahidi lile lililotakiwa, wazi, neno kwa neno. Wageni wakapiga makofi. Yeye akangoja, akapiga lake peke yake. Hakuwa amejifunza kitu.

Clarisse alinijia kesho yake. Nilikuwa nimelinganisha mwanzo, nimeutazama, nimeutazama tena. Nilitaka nifike mkia wa filamu, lakini mzee alikuwa ametoka hospitali, hali chakula, hasemi, anaitaka. "Mama Béa, nipe tu vile iko," alisema, na akaichukua kwenye klé yake ya kompyuta, kile kijiti cha kubebea faili, akaondoka mbio. Mnanielewa sasa kwa nini siwapi kitu nusu, hata mkilia.

Jioni hiyo walikusanyika sebuleni kwa mzee. Niliyasikia kwa mdogo wake, aliyekuja kunitafuta amekunja uso. Televisheni yao ilikuwa na sauti ndogo, kwa hiyo wakaunganisha bafle, spika kubwa, ile inayopokea bila waya, ili mzee apate angalau mtetemo. Mwanzo mzee alikunja uso kidogo lakini akavumilia. Salamu zikapita. Ikafika ahadi. Mzee akainua mkono, wakasimamisha, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasogea na kiti mpaka karibu na kioo.

"Uyu muntu amefunga kinywa," akasema. "Nani anasema?"

Akauliza tena, na sasa hakuwa anauliza. Alisema kwenye salamu mtu huyu alikuwa mmoja, mdomo na sauti vilikwenda pamoja au karibu, na kwenye ahadi mdomo umefunga, maneno bado yanatoka. Basi ahadi haikusemwa na Papa Paluku. Imewekwa. Na anayejua kuweka maneno ndani ya video ni nani hapa mjini? Mama Béa.

Mlitazame jambo hilo kama alivyolitazama yeye. Sauti inayotembea huharibika zaidi mwishoni, na ahadi huwekwa mwishoni. Kwa macho ya mzee, mtu alikuwa mkweli kwenye habari za safari na mwongo kwenye jambo lenyewe. Ningekuwa yeye, mbuzi angekuwa njiani.

Walijaribu kumpata Papa Paluku aseme upya. Alikuwa amekwisha kurudi mashariki, na kwa vita na barabara za huko hakuna aliyethubutu kumwomba ageuke. Wakampigia kwa picha. Mtandao ukamgandisha kinywa kikiwa wazi, sauti ikaendelea bila yeye. Mzee akawarudishia telefone. Ilikuwa ushahidi wa pili.

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta uani, mbuzi upande mmoja, yeye upande mwingine, wote wamenikasirikia. Clarisse alisimama kando, macho mekundu. Nilisogea kwenye mwanga, nikamwambia mzee taratibu kwamba hakuna neno lililowekwa, kuna ugonjwa wa mashine, na nitauponya. Akaniuliza kama mwongo akiponywa anakuwa mkweli. Nikamwomba juma moja. Akasema leo. Nikasema Jumapili. Akasema Jumapili ni ya Mungu, haina nafasi ya video. Tukakubaliana Ijumaa, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake. Halafu akaweka lake: nisikate hata pahali pamoja, aone yote kuanzia kofi la kwanza mpaka la mwisho. Nami nikaweka langu: bafle ile isikanyage sebule.

"Bafle imefanya nini?" akauliza.

"Papa, ile bafle inasikia kwanza, njo inakuambia kisha," nikamwambia. "Iko kama bantu ba ku baraza."

Hakucheka, lakini aliacha kunitazama mikono.

Sasa sikilizeni kazi. Wagonjwa walikuwa wawili na walilala kitanda kimoja. Wa kwanza, bafle. Bafle zisizo na waya huchelewesha sauti, kidogo lakini sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo iliyomfanya mzee akunje uso kwenye salamu. Dawa yake si kwenye montaji, ni waya. Msije mkasogeza sauti ya filamu ili kuifurahisha bafle ya mtu mmoja, maana kwenye televisheni ya jirani yake sauti itatangulia mdomo, na mtarekebisha mji mzima nyumba kwa nyumba. Nikaitenga.

Akabaki wa pili, mwenye miguu. Nilihitaji alama kali, mahali ambapo jicho na sikio vinakubaliana bila ubishi. Wapiga sinema wana kibao chao cha kugonganisha. Sisi hatukuwa nacho. Makofi ya heshima yalikuwepo, lakini yale ya wageni yalikuwa mvua, huwezi kuchagua tone. Nikayacheza mara mbili nimekata tamaa. Ndipo nikamwona Papa Paluku, baada ya kimya, analeta lake. Kofi moja, viganja vinaonekana, vinakutana mbele ya kifua, na kwenye sauti kuna mstari umesimama kama mlingoti. Na mwishoni, baada ya ahadi, jingine. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akauliza kuna nini. Mtu aliyekosea desturi yetu mara mbili alikuwa ameniwekea kigingi Kasenga na kigingi Lubumbashi.

Nikafunga mlio wa kofi la kwanza kwenye viganja vyake. Nikaenda kwenye la mwisho: viganja vimekutana, sauti haijafika, haijafika, ndiyo hiyo. Picha ilikuwa imekimbia mbele. Nikafanya ambalo ninyi mngefanya. Nikaibana sauti ifupike kuanzia mwanzo hadi mwisho ili makofi yote mawili yakae. Yakakaa. Nikashukuru Mungu, nikaenda kuweka maji ya bugali.

Maji hayajachemka nikamkumbuka yule mama juu ya gunia. Nimehesabu pa kupakia na pa kushusha, na Kasomeno je? Nikarudi, nikatazama katikati. Salamu zilizokuwa sawa kabla sijagusa sasa zilikuwa zimeharibika, sauti imetangulia mdomo, na Papa Paluku amekuwa na sauti ya kubanwa kama aliyevaa tai ya mtoto. Maana yake wizi haukuenea njia nzima. Ulitokea mahali. Nikaitupa kazi ile yote, nikaanza upya na faili la awali. Ndiyo sababu faili la awali halifutwi mpaka wateja wamezaa.

Nikapita filamu taratibu, nikitazama midomo. Sawa, sawa, sawa. Umeme ukakatika, sebule ikaingia giza, na hapo ndipo mdomo ulipoanza kuondoka. Telefone, wanangu, haihesabu picha kama kamera. Kwenye mwanga inachukua picha nyingi kwa kila nukta, yaani kila sekunde. Kwenye giza inazipunguza ili kila picha ipate mwanga wa kutosha, na haimwambii mtu. Programu yangu ya kizamani ilidhani picha ni zilezile kwa kila nukta, ikazipanga kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo saa ya giza ikachezwa haraka kuliko ilivyopita kweli. Picha imekimbia, sauti imebaki na saa ya kweli. Wote tulidhani sauti ndiyo mgonjwa, kumbe ndiyo pekee iliyokuwa imelala vizuri usiku.

Dawa: usiiguse sauti. Kabla ya montaji, chukua faili la telefone ulipitishe kwenye programu ya kubadilisha, uiagize itoe idadi moja ya picha kwa kila nukta, isiyobadilika. Itarudia picha pale zilipopungua, na saa ya giza itapata urefu wake. Mashine yangu ilifanya kazi hiyo ikikohoa, na umeme ulikatika mara moja tena, nikaanza upya. Ilipomaliza nikaweka kofi la kwanza juu ya kofi la kwanza, sikugusa kingine. Nikaenda kwenye la mwisho. Viganja vikakutana na mlio ukawa hapohapo. Nikaenda katikati, kabla ya giza. Sawa. Baada ya giza kidogo. Sawa. Nikaketi. Bugali iliungua, nikaila hivyo hivyo.

Ijumaa nilifika na waya wangu mwenyewe, kwa kuwa waya wa watu siuamini. Nikafunga mapazia, nikamketisha mzee karibu. Wote walikuwepo. Kasereka alisimama mlangoni, mguu mmoja nje, kama mtu anayetaka kuwa tayari kwa lolote. Clarisse alitaka kukaa mbele ya baba yake amrudishie maneno, mzee akamwondoa kwa mkono. Hakutaka masikio ya kuazima siku ile.

Mvua ya makofi. Kimya. Kofi la Papa Paluku. Mzee akainamisha kichwa upande. Salamu, habari za safari, umeme ukakatika kwenye video na watu sebuleni wakaguna kama umekatika kweli. Mimi sikutazama skrini. Nilitazama midomo ya mzee, kwa sababu alipokuwa anasoma mdomo wa mtu, wake ulimfuata. Ikafika ahadi. Papa Paluku akasema, kwa Kiswahili chao cha Kivu:

"Huyu mutoto tutabakia naye hapa Lubumbashi. Na siku tutataka kumuhamisha, tutakuja kwanza kuuliza baba yake."

Midomo ya mzee ilikwenda na yake mpaka neno la mwisho, ikafunga pamoja nayo. Akasema irudiwe. Ikarudiwa. Akasema tena. Kasereka akatoa na mguu mwingine nje. Mara ya tatu ilipofika mwisho mzee akaegemea kiti.

"Sasa iko muntu moja," akasema. "Minamuona na minamusikia."

Kisha akamgeukia binti yake. "Masharubu yake tu njo ya kukata. Inakula maneno."

Clarisse alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mdogo wa mzee akatoka nje, na muda si mrefu tukasikia mbuzi. Nyumba nzima ilipumua siku ile, isipokuwa mbuzi yule.

Nami nilipumua. Najua wengi hudhani kazi yetu ni mapambo, muziki chini ya keki. Niliogopa siku zile kuliko nilivyoogopa barabara ya Kasenga. Waya wangu niliukunja vibaya mara mbili, na mzee akaona, maana aliona kila kitu. Akaniambia nije kupiga video ya kanisani, mwenyewe, na kamera ya kweli. Nikataja masharti yangu, akataja yake. Sharti lake lilikuwa moja: awe anauona uso wa binti yake atakapoapa.

Nikampangia kiti upande, mstari wa kwanza. Kamera mbele, kinasa sauti kwa padri. Niliomba mtu apige kofi mwanzoni, kama ninavyowaomba ninyi kila siku, mwanzo na mwisho, kofi moja, viganja vionekane. Lakini kwaya ilianza kabla ya wakati, vigelegele vya mpundu vikafuata, na alama yangu ikazama humo. Nikasema basi, nitatafuta midomo.

Padri alipomuuliza Clarisse, yeye hakumtazama padri, wala bwana harusi. Aligeuka kabisa, shela na vyote, akamtazama baba yake. Kanisa likashtuka. Clarisse akasema taratibu, kwa mdomo wote, jinsi alivyomsemesha baba yake tangu utoto, kwamba ndiyo, anakubali. Kanisa likanyamaza. Na katika kimya kile Papa Ngoie akakunja viganja vyake kama bakuli, akapiga kofi moja. Zito, peke yake, baada ya kila mtu.

Nililitumia hilo kulinganisha filamu nzima. Mwanzo, katikati na mwisho vikakaa bila kusogeza kitu, nikahesabu tena, vikakaa. Ndipo nikazima mashine na kuifunika kitambaa.

Haya, nionyesheni hiyo yenu. Na mpiga picha alipiga kofi?